Mama aliyekataa kuambiwa ‘usijali’

Kuna neno ambalo wazazi wanalitumia kama panadol. Mtoto ana homa, usijali. Basi la shule limechelewa, usijali. Linasemwa kwa upendo, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi kazi yake ni kumnyamazisha anayeuliza ili anayeulizwa apumzike.

Baba mmoja Mtanzania anayeishi na familia yake katikati ya England alimpa mkewe neno hilo kwa karibu miaka kumi. Alijiona ana haki nalo, kwa sababu mkewe anaogopa treni na yeye treni ndiyo kazi yake.

Ni mkaguzi wa mabehewa kwenye yadi ya mizigo. Anaingia saa nne usiku na kutoka alfajiri. Kabla treni haijaondoka, anatembea upande mmoja wa mabehewa na kurudi kwa upande wa pili, tochi mkononi, akiangalia magurudumu, springi, pedi za breki, viunganishi vya behewa na behewa, na namna mzigo ulivyofungwa. Kisha breki zinajaribiwa, na mtu anasimama kwenye behewa la mwisho kuona kwa macho yake kwamba breki za pale zimekamata na baadaye zimeachia.

Mwisho kabisa inawekwa taa nyekundu nyuma ya treni. Taa ile si pambo. Mtu anayeongoza ishara akiiona inapita, anajua treni imepita nzima. Asipoiona, anachukulia kwamba kuna mabehewa yamekatika na kubaki njiani, na haruhusu treni nyingine kufuata.

Kwa hiyo kila mkewe alipoguna habari ya treni, jibu lilikuwa tayari: “Usijali, treni za huku si kama za kwetu.” Mama alinyamaza. Wanaume wengi huhesabu kimya cha mke kama makubaliano, na huyu naye alihesabu hivyo.

Mama huyo ni mzaliwa wa Dodoma. Juni 24, 2002 alikuwa darasa la sita. Mama yake mdogo alikuwa anakuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya abiria, ile ambayo wasomaji wengi bado wanaikumbuka. Eneo la Igandu ilishindwa mlima, ikarudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa, na mama mdogo alikuwa mmoja wao. Alikuwa anamletea mtoto wa dada yake viatu vya shule. Mama huyu anasema kwa umri ule alivililia viatu kwanza, kumlilia mtu kulikuja baadaye.

Tangu siku hiyo hajapanda treni. Anapanda mabasi, hata safari ya saa moja ikageuka saa tatu.

Oktoba 2022 binti yao, mwenye miaka tisa, alirudi na fomu ya shule. Darasa lilikuwa linakwenda kutembelea makumbusho, kwa treni, na sahihi ya mzazi ilitakiwa kabla ya Ijumaa. Wiki hiyohiyo, Oktoba 19, treni ya mizigo iliyobeba saruji iliacha njia Carlisle, kaskazini mwa England. Mabehewa matano yalitoka kwenye reli na moja likaangukia mto Petteril. Hakuna aliyeumia. Lakini picha ya behewa likiwa mtoni ilimfikia mama kwa WhatsApp mumewe akiwa bado amelala usingizi wa mchana, usingizi wa mtu wa zamu ya usiku.

Alipoamka alikuta chai mezani, fomu pembeni yake, na simu juu ya fomu.

“Baba watoto, hili nalo mlilikagua?”

Baba akafungua mdomo kusema neno lake, likamkwama. “Hatukulikagua sisi,” alisema baada ya muda. “Lakini aliyelikagua ni mtu kama mimi.”

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na yalichukua jioni mbili.

Jioni ya kwanza alianzia mbali, kwa ajali ambayo kila anayefuatilia historia ya breki hukutana nayo. Juni 12, 1889, mjini Armagh, wakati Ireland yote ilikuwa bado inatawaliwa kutoka London, treni maalumu ilichukua watoto wa shule ya Jumapili ya Wamethodisti pamoja na wazazi na walimu wao. Walikuwa zaidi ya watu 900, wanakwenda kutembea baharini Warrenpoint. Mabehewa yalikuwa mengi kuliko nguvu ya injini, na ilipofika mlimani ikashindwa.

Wasimamizi wakaamua kuigawa treni. Injini ingepanda na mabehewa machache ya mbele, halafu irudi kuchukua yaliyobaki. Balaa lilikuwa kwenye breki. Breki ya treni ile ilifanya kazi tu pale mabehewa yalipokuwa yameunganishwa na injini. Mabehewa ya nyuma yalipokatwa, yakabaki yameshikiliwa na breki ya mkono ya behewa la mwisho na mawe yaliyowekwa nyuma ya magurudumu. Injini ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayasukuma. Mawe hayakuhimili. Mabehewa yakaanza kushuka, milango ikiwa imefungwa kwa funguo na watoto wakiwa ndani.

Na nyuma kulikuwa kunakuja treni nyingine. Kwenye njia ile treni zilitenganishwa kwa saa tu. Dakika zilizopangwa zikipita, inayofuata inaondoka, bila mtu yeyote kujua kama ya kwanza imefika au imekwama. Walikufa watu 80, wakiwamo watoto wengi.

“Ilirudi nyuma,” mama alisema.

“Ndiyo. Kama ile.”

Hakuwahi kuambiwa kwamba na hawa walikuwa na Igandu yao. Mtu angetegemea habari hiyo imtishe zaidi. Haikumtisha. Kwa miaka kumi alikuwa akisikia “treni za huku” kana kwamba zimetengenezwa na watu wa udongo mwingine. Sasa alisikia kwamba walizika kwanza watoto, halafu ndiyo wakabadilika.

Kabla mwaka huo haujaisha Bunge la Uingereza lilipitisha sheria. Treni za abiria zikalazimishwa kuwa na breki zinazojifunga zenyewe treni ikikatika. Njia ikagawanywa vipande, na kipande kimoja kisiingiwe na treni ya pili hadi ya kwanza ithibitishwe kuwa imetoka. Pointi na ishara zikafungamanishwa, ili mtu asiweze kutoa ishara ya kupita wakati pointi zimeelekezwa kwingine. Hayo yote yalikuwa yanajulikana kabla ya 1889. Wakaguzi wa serikali walikuwa wameyapigia kelele kwa miaka, na kampuni zikawa zinasitasita, gharama ikiwa mojawapo ya sababu. Mama aliposikia hilo alicheka kicheko kile kisicho na furaha. Hata huku?

Hata huku.

Binti alikuwa mezani na kazi zake za shule, akijifanya hasikii. Akauliza breki inajifungaje yenyewe. Baba akamwonyesha mlango wa jikoni, ambao una springi. Ukitaka ubaki wazi lazima uushike, na ukiuachia unajifunga. Breki ya treni ni hivyohivyo. Bomba la hewa linapita kuanzia injini hadi behewa la mwisho, na hewa iliyojaa ndani yake ndiyo inayozuia breki zisikamate. Kila behewa lina tangi lake dogo la hewa ya akiba. Bomba likikatika, hewa ya bomba ikashuka, valvu ya kila behewa inafungulia akiba yake na breki zinabana. Hakuna anayehitaji kukimbilia chochote.

Ishara nazo zina fikra hiyohiyo, na zilijifunza kwa uchungu mapema zaidi. Januari 1876, Abbots Ripton, theluji iliganda kwenye mikono ya ishara ikaing’ang’aniza kuonyesha kwamba njia ni salama wakati mtu wa ishara alikuwa ameshavuta wenzo wa kusimamisha. Siku hizo ishara ilikaa kwenye “pita” muda wote na kupelekwa kwenye “simama” kukiwa na sababu. Baada ya hapo desturi ikageuzwa: kawaida ni simama, na kupita ndiko kunakohitaji sababu. Leo sehemu nyingi umeme mdogo hupitishwa ndani ya reli zenyewe. Treni ikiingia, magurudumu yake yanaukatisha umeme ule na taa inakuwa nyekundu. Waya ukikatika, umeme pia unapotea, na taa inakuwa nyekundu vilevile.

“Kwa hiyo ikiharibika inasema simama,” binti alisema.

“Ndivyo inavyotakiwa.”

Jioni ile ingetosha. Mama alikuwa ameelewa, sura yake imelegea, na fomu ilikuwa palepale pamoja na kalamu. Baba mwenye haraka ya amani ndani ya nyumba angemaliza hapo. Lakini mama aliuliza swali moja wakati anaondoa vyombo: sheria ile ilisema treni za abiria, na za mizigo je?

Swali zuri kuliko alivyojua. Sheria ya 1889 haikuzilazimisha treni za mizigo kuwa na breki ya namna hiyo. Kwa miongo mingi baadaye, hadi kwenye miaka ya 1980, Uingereza bado ilikuwa na treni za mizigo ambazo mabehewa yake hayakuwa na breki ya pamoja. Yalitegemea injini mbele na behewa la mlinzi lenye breki ya mkono nyuma. Leo zote zina breki ya hewa. Lakini ya mizigo na ya abiria zinapita reli zilezile, pointi zilezile, na behewa la saruji likivunja pointi usiku, abiria wa asubuhi wanaikuta njia hiyohiyo.

Jioni ya pili alimweleza habari ya Llangennech, Wales. Mama alikuwa ameona moto wake kwenye simu mwaka 2020 na siku hiyo akajibiwa kwa lile neno.

Usiku wa Agosti 26, 2020 treni ya matangi 25 yaliyojaa mafuta ilikuwa inatoka Robeston, magharibi mwa Wales, kwenda Theale, England. Kasoro kwenye sehemu moja ya mfumo wa breki za behewa la tatu ilifanya breki zake zikamate na zisiachie. Magurudumu ya behewa hilo yakaacha kuzunguka. Yakawa yanaburutwa juu ya reli kama sufuria inayosuguliwa kwenye sakafu, mpaka yakasagika upande mmoja na chuma kikajikunja pembeni. Yalipofika kwenye pointi za Morlais Junction, magurudumu hayo yaliyoharibika yakazivunja pointi, na mabehewa yaliyofuata yakatoka njiani. Mabehewa 10 yaliacha njia. Zaidi ya lita 300,000 za mafuta zilimwagika, moto mkubwa ukawaka, na watu wapatao 300 wakatolewa majumbani kwao usiku. Dereva hakuumia. Mto Loughor uko jirani, na uokotaji wa kombe katika maji yale ukasimamishwa. Udongo uliolowa mafuta ulichimbwa na kuondolewa, na njia haikufunguliwa hadi Machi 2021.

Mama alikuwa kimya kwa muda. Kisha akasema lile ambalo baba alikuwa analikwepa tangu jana yake: “Breki ndiyo iliyofanya.”

Ndiyo. Breki ileile inayojifunga yenyewe ili kuokoa watu. Iliyojifunga ilikuwa ya behewa moja, na ishirini na manne mengine hayakujua. Injini yenye nguvu inaweza kuvuta behewa lililokamatwa bila dereva kuhisi kitu, akiwa mbele kwenye giza. Hata Carlisle uchunguzi ulikuja kuonyesha jambo linalofanana, ingawa chanzo chake kilikuwa kingine. Breki zilifungwa kwa kawaida, reli ina utelezi wa msimu ule wa majani kuanguka, magurudumu yakateleza na hayakurudi kuzunguka, yakasagika. Mfumo unaosema “nikiharibika nasimama” una shimo lake pale ambapo kilichoharibika kinasimama peke yake na treni nzima inaendelea.

Zipo mashine kando ya reli zinazopima mshindo wa kila gurudumu na joto la ekseli, na zinatoa taarifa. Haziko kila kilomita.

Mama hakuridhika kuambiwa, akataka kusoma. Uingereza ina chombo chake cha kuchunguza ajali za reli, kilichoanza kazi mwaka 2005 baada ya pendekezo la uchunguzi wa ajali ya Ladbroke Grove ya 1999 iliyoua watu 31 London. Chombo hicho kinatafuta sababu, hakitafuti wa kumshtaki, na ripoti zake ziko wazi kwa yeyote mwenye simu. Ile ya Llangennech ilitoka Januari 2022. Aliisoma usiku mumewe akiwa kazini, Kiingereza chake cha hospitalini kikimsaidia nusu na kamusi nusu. Jambo lililomkaa kichwani ni matengenezo: vitu ambavyo watu wa karakana walitakiwa kuviangalia, na namna vilivyoangaliwa.

Asubuhi alimsubiri mlangoni.

“Krismasi ile ulipokwenda kazini na homa. Uliangalia magurudumu yote?”

Hilo si swali la kumuuliza mtu aliyetoka zamu ya usiku, lakini alikuwa na kila haki ya kuuliza. Baba alivua viatu kwanza.

“Nilitembea pande zote mbili. Niliangalia. Ukiniuliza kama nalikumbuka kila gurudumu, silikumbuki.”

“Na ile ya Wales, mkaguzi angeiona yadini?”

“Kwa magurudumu, hapana. Wakati inaondoka yalikuwa hayajasagika.”

Wengine wangesema jibu kama hilo linavunja nyumba. Mama alisema ni mara ya kwanza mume wake alizungumza naye kuhusu treni kama mtu mzima.

Alitia sahihi Ijumaa asubuhi. Kabla ya hapo alipiga simu shuleni, na hakuuliza habari ya breki. Aliuliza watu wazima wangapi watakwenda, watoto watasimama wapi stesheni wakati treni inaingia, na nani atawahesabu wakishuka. Hilo nalo lilitoka kwa mumewe. Alimwambia kwamba kwa mtoto wa miaka tisa Uingereza, wa kuogopewa zaidi ni ukingo wa jukwaa na ile njia ya mkato ya kuvuka reli, kuliko treni kuacha njia. Mwalimu alijibu yote matatu bila kusita, na mama akaandika majibu nyuma ya bahasha.

Aliombwa kuwasindikiza akakataa. Alisema bado. Siku ya safari alifua mashuka ambayo hayakuwa machafu. Binti alirudi jioni akiwa na habari moja tu, kwamba mwenzake alitapika kwenye ngazi za makumbusho. Habari ya treni hata hakuigusa.

Bibi wa Dodoma alipopigiwa simu na kuambiwa mjukuu wake amepanda treni, alikaa kimya, halafu akauliza kama alikuwa amevaa viatu vizuri. Mama na bibi hawajawahi kuzungumza moja kwa moja kuhusu mwaka 2002, na siku hiyo hawakuzungumza pia. Lakini simu ilichukua saa nzima, na bibi ndiye aliyekataa kukata.

Nyumbani kumebadilika kitu kimoja. Zamani baba akirudi alfajiri aliulizwa kama amekula. Sasa anaulizwa mabehewa mangapi, na yeye anajibu kwa hesabu kama mtu anayekabidhi zamu, na kama kuna lililozuiwa anasema kwa nini. Juzi lilikuwa na gurudumu lenye bapa lisilotakiwa, akaliandikia karatasi, likakatwa kutoka kwenye treni, na treni ikachelewa dakika arobaini huku kila mtu akimlaumu.

“Mangapi?” mama alimuuliza, akimmiminia chai.

“Ishirini na mbili. Moja limebaki.”